Babu na maji ya Pima Tena

Shangazi yangu ni fundi cherehani. Mtaani wanamwita Pima Tena, maana anakupima kiuno, anakuangalia kama umemdanganya, halafu anakipima tena. Kitambaa hakati mpaka akifue. Hata kiwe kipya, bado kinanukia duka, kwanza beseni, sabuni, kamba, pasi, ndio mkasi uguse. Anasema hataki mteja arudi na suruali iliyopungua aje kumfokea mlangoni.

Babu, baba yake, alitoka hospitali na figo zinazosumbua. Daktari alimwambia Shangazi bila kupepesa macho: mzee anywe maji mengi, tena safi, la sivyo analazwa tena. Kwa hiyo tukawa tunanunua ya chupa. Chupa tupu zikajaa hadi chini ya meza ya kukatia, na Shangazi akaanza kukubali kushona usiku na mchana ili kuzilipia. Akachemsha ya bomba kwenye mkaa, Babu akakataa. "Yananuka moshi. Mimi si samaki wa kukaushwa."

Ndio Shangazi akanunua chujio la udongo: ndoo juu, ndoo chini, kati yake kibakuli cha udongo, maji yanadondoka taratibu. Meupe! Nikanywa kikombe kizima, sikuona kosa. Shangazi akanywa, hakuona kosa. Babu akaweka mdomoni, akatema dirishani.

"Mnanipa maji ya kufulia?"

"Baba, yametoka kwenye chujio."

"Basi chujio ndilo linalofua."

Tukatazamana. Nikanusa kikombe. Hamna kitu. Tukasuuza ndoo, tukabadilisha kikombe, tukachota kwa jirani badala ya kwenye bomba letu. Babu anaonja, anatema. Nikajiuliza, huyu mzee ana ulimi gani? Au sisi ndio ndimi zimekufa? Mimi nilikuwa natafuna jojo ya minti tangu asubuhi, sawa. Na yeye Shangazi? Halafu nikaona midomo ya Babu imekauka, inapasuka. Nikachemka.

Nikaenda hadi kwa muuza ndoo aliyetuuzia chujio, nikiwa nimebeba kikombe mkononi kama ushahidi.

"Dada, umetuuzia uchafu! Mzee wangu anakufa kiu!"

Watu wakageuka. Yeye akanusa, wala hakushtuka. "Punguza spidi, mdogo wangu. Kile kibakuli mlikiosha na nini?"

"Nitajuaje? Mimi sioshi vyombo."

"Hilo nimeliona. Mpigie anayeosha."

Nikapiga, nikaweka spika. Shangazi akajibu huku cherehani inalia nyuma yake.

"Niliosha na sabuni, kwani kitu kipya kinaoshwa na nini? Nikakiloweka usiku kucha. Beseni lile lile la vitambaa. Nisingeweza kumpa baba kitu kinachonuka duka!"

Yule dada akajishika kichwa. "Mama, udongo unakunywa. Umeunywesha sabuni, sasa unairudisha kidogo kidogo. Kile kinasuguliwa na brashi na maji matupu, basi."

Watu wakacheka. Nikataka kugombana na mtu, lakini na nani? Muuzaji hana kosa. Shangazi alikuwa anafanya usafi. Na ulimi wa Shangazi miaka yote uko katikati ya povu, utaonja sabuni wapi? Nikarudi nyumbani nikiwa na hasira isiyo na pa kwenda.

Tukaloweka kibakuli kwenye maji matupu, tukamwaga, tukarudia, siku nzima na kesho yake. Muda wote huo Babu alikunywa ya chupa, Shangazi akifungua kila kifuniko kama anafumua mshono wake mwenyewe.

Halafu akampelekea kikombe kipya. Babu akanusa, akaonja, akameza.

"Haya hayana kitu," akasema.

"Hayana kitu vipi, Baba? Mabaya?"

"Nimesema hayana kitu. Ongeza."

Akanywa cha pili. Akadai cha tatu. Shangazi akarudi kwenye cherehani lakini mguu haukukanyaga, ametega sikio tu. Mimi nikadhani Shangazi ameanza kuchanganyikiwa. Baadaye tukasikia ndara za Babu zinaburuzwa kuelekea chooni, na kitasa kikafungwa.

"Umesikia?" Shangazi akaninong'oneza, macho yamejaa machozi. "Anaenda!"

Sijawahi kuona mtu anafurahia mlango wa choo namna ile. Nikajikuta na mimi nacheka.