Petroli iliyolala kisiwani na mguu wa shemeji yangu

Wakuu, habari za humu. Wanaonizidi umri nawapa shikamoo, ingawa nina shaka kama mmebaki.

Mimi ni mstaafu, Mhaya wa Kanazi. Macho yamechoka na ninaandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo mnivumilie. Nimeona vijana kwenye ule uzi wa injini za boti wakibishana kuhusu mafuta yaliyokaa muda mrefu. Huyu anasema hayaharibiki, yule anasema ni maneno ya wauza mafuta.

Nikaona niwape yaliyonikuta. Ni kweli tupu. Asiyeamini apite kimya kimya, sina nguvu ya kubishana.

Ni enzi za Mwingereza, miaka ya mwisho mwisho kabla ya Uhuru. Nilikuwa kijana, fundi Bukoba mjini kwenye gereji ya Mzee Salum, Mswahili ambaye babu yake alitoka pwani. Tulitengeneza kila kitu chenye plagi: malori ya kahawa, pikipiki za mapadri, mashine za boti.

Dada yangu Koku aliolewa na Laurenti, mtu wa Kashozi aliyekwenda kuvua kisiwani Bumbire, upande wa Muleba. Kule Laurenti alikuwa mmoja wa watu wa kwanza kuwa na mashine ya boti. Aliifuta kwa kitambaa kila akitoka ziwani. Watu walimtania kwamba ana wake wawili.

Sasa, kabla ya mvua kubwa alinunua debe la petroli, ikachanganywa na oili tayari, maana mashine zile zilikunywa mchanganyiko. Mvua na upepo vikaja, boti ikapandishwa nchi kavu. Debe likabaki ndani ya nyumba, chini ya uangalizi wa dada.

Mvua zilipokaribia kuisha, Laurenti akakanyaga mwiba wa gogogo. Waliokulia ziwani wanamjua samaki huyo na sumu ya mwiba wake.

Alidhani ni jambo la siku mbili tatu. Akafunga majani, akangoja. Mguu ukavimba hadi karibu na goti, kisha ukaanza kunuka. Hapo ndipo alipokubali kwenda hospitali Bukoba. Wakashusha boti, wakavuta kamba ya mashine, haikuwaka. Dada akanitumia ujumbe kwa wavuvi kwamba nije na vifaa, shemeji anaoza.

Nilienda na mtumbwi wa makasia. Nilibeba plagi mpya, spana, na chupa moja ya petroli safi ya kuoshea vifaa. Walionileta walinishusha wakaendelea na safari yao kwenye nyavu. Kwa hiyo ilikuwa ni mashine iwake au tubaki hapo hapo.

Nilifungua kabureta, nikaiosha kwa petroli yangu, nikaweka plagi mpya, nikavuta. Ikawaka! Nilijiona fundi haswa. Dada akalia kwa furaha. Tukamlaza Laurenti kwenye mkeka ndani ya boti, tukaingia mimi, dada na vijana wawili wa kazi wa shemeji, debe likawekwa karibu na kichwa chake ili lisipinduke.

Tulipokiacha kisiwa nyuma na kuingia kwenye maji makubwa, mashine ikakohoa. Ikatoa moshi mwingi, ikapungua nguvu, ikazima.

Ngoja niwaambie vijana wa ule uzi nilichofanya, maana hapa ndipo mnapobishania.

Nikatoa plagi. Nyeusi, imelowa oili. Nikaisafisha, moto wake ulikuwa mzuri. Nikarudisha, ikawaka kidogo, ikazima. Nikadhani ni maji kwenye mafuta, nikayachuja kwa kofia yangu ya sufi, jinsi Mzee Salum alivyotufundisha. Hapakuwa na maji. Nikaangalia mpira wa mafuta, haukuziba. Nikafungua tena kabureta boti ikicheza mawimbini, nikiogopa kuangusha skrubu ziwani.

Hakuna kitu.

Vijana wale wawili walikuwa wanapiga makasia muda huo wote, upepo ukitujia usoni. Boti ile ilikuwa nzito, haikujengwa kwa makasia. Laurenti alikuwa na homa, amefumba macho. Dada anamfukuzia nzi.

Mwishowe nikafanya jambo nililopaswa kulifanya mwanzo. Nikamimina mafuta ya debe kidogo kiganjani. Wakuu, petroli nzima ukiimimina kiganjani unasikia baridi, inapaa mara moja, inabaki oili kidogo. Hii ilikaa tu pale, vuguvugu, kama mafuta ya kupikia. Nikainusa. Ilinuka rangi ya mbao iliyozeeka.

Petroli ilikuwa imekufa. Kile chepesi kinachowaka kilishaondoka, imebaki oili na uzito. Kule kisiwani mashine iliwaka kwa sababu ya petroli yangu iliyobaki kwenye kabureta.

Nikamuuliza dada, kwa upole tu, debe lilikaaje.

Alinieleza kwa fahari. Alisema jua lilipotoka debe lilivimba na kuanza kugonga, akaogopa litapasuka, kama kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, ukikiziba sana. Kwa hiyo alitoa kifuniko, akaweka kizibo cha majani ya mgomba, kisikaze, lipumue. Ndivyo mama alivyotufundisha kutunza pombe. Kila majani yalipokauka alibadilisha mengine. Alilitenga mbali na moto, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kuligusa.

"Nilijua ipo siku mafuta haya yatamfikisha Laurenti mahali," alisema. "Si nimeyatunza vizuri, waitu?"

Nilimtazama. Nikamtazama shemeji na ule mguu.

"Umeyatunza vizuri sana," nikasema. "Kabureta ndiyo imekufa."

Laurenti, bila kufumbua macho, akasema, "Mashine ya laana hii."

Basi nikaendelea kujifanya natengeneza kabureta. Nilidondoshea petroli ya chupa yangu kidogo kidogo, mashine ikawaka, ikatuvuta kipande, ikazima. Chupa ilipokwisha nikapokezana makasia na wale vijana. Viganja vilichubuka. Nilichoka, wakuu, na si mikono tu. Kukaa na neno mdomoni huku mwenye neno hilo amekaa mbele yako anakupa maji ya kunywa, inachosha kuliko kasia.

Tulifika Kemondo asubuhi ya pili, tukapata lori la kahawa hadi Bukoba. Daktari alisema tungefika jana yake pengine angeuokoa mguu. Akaukata chini ya goti.

Dada alisikia hayo maneno ya daktari. Alilia, akailaani mashine. Mimi nikaitikia.

Laurenti alirudi kwao Kashozi kwenye kibanja cha baba yake, akawa mkulima wa migomba na kahawa kwa mguu mmoja na gongo la kutembelea. Mashine akaiuza. Kila mgeni aliyeuliza habari za mguu alijibiwa kwa matusi dhidi ya ile mashine. Dada naye anaongezea yake. Nami kama nipo naongeza ya kiufundi, kabureta hivi, kabureta vile. Miaka mingi.

Siku moja, tumeshaanza kuota mvi, tulikuwa wawili tu kibanjani tunatandaza nyasi kwenye mashina ya migomba. Laurenti akasema, "Ile petroli ilikuwa imekufa. Debe lilikuwa kichwani pangu, niliinusa kabla yako."

Nilikaa chini. Nikamuuliza kwa nini basi ameitukana mashine miaka yote hiyo, mashine aliyoipenda vile.

"Ulitaka nimtukane nani?" akasema. "Mashine nikiitukana inalala usingizi wake. Dada yako angelala?"

Tukaendelea na nyasi. Hatukulirudia tena. Sasa wote wawili wametangulia, ndiyo maana naandika.

Funzo, vijana. Petroli hailali wazi. Kama debe linavimba, lipeleke kivulini, usilitoboe wala kulizibia majani. Ikikaa msimu mzima, ipime kiganjani kabla hujampakia mgonjwa. Hilo ndilo la ufundi.

La pili sijui kama ni funzo. Tulikuwa wanaume wawili tuliobeba mzigo mmoja, kila mtu akidhani anaubeba peke yake. Tungeambiana mapema pengine ungekuwa mwepesi.

Naomba niwaulize. Ungekuwa wewe kwenye ile boti, ungemwambia Koku?

Semeni mnavyoona, nitasoma yote polepole. Ila anayekuja kutukana, atukane mashine.