Mlio wa Mchana

Jirani yangu hapa Kikima, mzee wa kanisa, alikuja kwangu Jumamosi asubuhi na majirani wanne nyuma yake. Alisema redio zao zimejaa mlio, na chanzo ni waya wa redio yangu ya kuongea na watu wa nchi za mbali. Nilimweleza kwamba nina leseni, na mlio huo unanisumbua hata mimi. Akanikatiza.

“Mwalimu, umestaafu, huna kazi. Usitusumbue na michezo ya watoto.”

Niliteremsha waya mbele yao. Niliukunja ovyo kwa hasira, nao wakadhani ni uzee.

Mlio haukuisha. Hakuna aliyerudi kuniomba msamaha.

Nikaanza kuutafuta, na si kwa ajili ya amani. Nilitaka kumjua mwenye makosa. Niligundua kwamba unaanza jua likipanda na kuisha likitua. Siku moja wingu lilifunika jua, mlio ukafifia; lilipopita, ukarudi. Nikajua ni sola. Nilichukua redio ndogo ya betri, nikaiweka kwenye masafa yasiyo na stesheni, nikatembea kando ya ua wa kila boma lenye sola. Kwingine ilinong'ona. Kwa mzee wa kanisa ilinguruma, hasa karibu na ukuta alikofunga kile kidude cha kuchajia betri.

Nilirudi nyumbani nikanyamaza miezi mitatu. Kila adhuhuri nilikaa kwa veranda nikimsikia akiipigapiga redio yake, mahubiri ya Kikamba yakimezwa na mlio. Nilifurahi, na sioni haya kusema.

Mwishowe alikuja, kofia mkononi, akaniomba nimwangalizie redio yake.

“Waite wale wanne kwanza,” nikamwambia.

Walipofika, nilimwambia achomoe waya za sola mwenyewe. Sauti ya mhubiri ikatoka safi. Akazirudisha, mlio ukarudi. Hakukuwa na haja ya kurudia, lakini nilimwambia arudie. Mke wake alisema polepole, “Kumbe ni sisi,” kisha akaingia jikoni.

Nilizisokota waya zake pamoja, nikazizungusha ndani ya pete nyeusi za kuzuia mlio nilizotoa kwa kompyuta mbovu. Mlio ukapungua hadi wa kuvumilika. Jioni hiyo alinishikia kamba nikiupandisha waya wangu. Aliniuliza kama nilijua miezi hiyo yote.

“Nilijua,” nikasema.

Alifunga kamba, akaenda kwake. Siku hizi ananisalimia kwa heshima sana, nami bado sijamsamehe.