Bibi Yangu na Neno la Kwenye Kopo la Biskuti

Niliolewa miaka ya hamsini, baada tu ya Pasaka, kijijini kwetu milimani juu ya Mlali. Mvua ya masika ilifurisha mto, na mchele na mbuzi tulioagiza Morogoro mjini vikakwama ng'ambo. Wageni wa mjini walikuwa wameshafika tangu jana yake. Nilikaa chumbani na gauni langu jeupe, nikalia.

Mama hakulia. Alipita nyumba hadi nyumba, na haukupita muda majirani wakaanza kuleta walichokuwa nacho: huyu magimbi, yule ndizi, mwingine makande, mchicha, viazi, kuku. Rafiki wa baba kutoka mjini, Mwislamu, ndiye aliyewachinja kuku wote, ili kila mgeni ale bila wasiwasi.

Tulipotoka kanisani, vyakula vilikuwa vimeshapangwa mikekani, bakuli hili halifanani na lile. Niliona haya, nikainamisha uso. Mume wangu, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, akasimama.

"Wazee wangu, shikamooni. Waingereza wana neno linalofaa karamu hii: assorted. Mtaliona limeandikwa kwenye makopo ya biskuti madukani."

"Maana yake nini?" bibi yangu akauliza.

"Vitu vya namna mbalimbali vilivyowekwa pamoja, bibi."

"Basi uji wa maziwa ni asotedi."

"Hapana. Ukishakoroga, maziwa huyatoi tena. Neno hili ni la vitu vilivyo pamoja, lakini kila kimoja bado unaweza kukichagua. Kama zile biskuti: hii ya duara, hii ya mraba, hii ina sukari juu."

"Na makande je? Hindi naliona, haragwe naliona."

Mwalimu akainama kuyatazama makande. Watu wakaanza kucheka.

"Makande yamepikwa chungu kimoja, bibi. Ni chakula kimoja."

"Mjukuu wangu, kula. Hindi ni hindi."

Nilicheka mpaka shela ikanidondoka. Watu walikula wakashiba, na wale wa mjini ndio waliomaliza magimbi.

Maji yalipopungua, mchele ukaletwa, tukaula siku nyingi. Mbuzi nao walifika wazima, wanne, na baba akasema hakuna tena sababu ya kuwachinja. Mimi na mume wangu tulihama nao kwenda kwenye nyumba yetu wenyewe, na mwaka uliofuata nilikuwa nikikamua maziwa.