Jiwe Nililolivunja Pangoni

Naikumbuka vizuri siku niliyolivunja jiwe la watu, mwanangu, ingawa kwa miaka mingi nilitamani niisahau.

Nilikuwa msichana wa kuolewa, mwepesi wa miguu na wa mdomo, huko kwetu Kinampanda. Kiangazi, visima vilipokauka, tulichota maji kwenye pango la mlimani. Kwenye dari, pale unapofika kwa mkono, lilining'inia jiwe jeupe la chokaa, na maji yalidondoka kwenye ncha yake tone moja moja hadi mtungini. Kila nyumba ilikuwa na zamu. Ukifika unatega, unakaa, unasubiri. Jiwe haliguswi.

Mimi na kukaa wapi na wapi! Siku hiyo wenzangu walikuwa wanakwenda mnadani. Nikawaza kwamba nikivunja ncha, maji yatapata njia pana. Nikaigonga, ikaanguka. Kumbe maji yalisambaa darini, yakateremka ukutani na kupotelea kwenye ufa. Mtungi haukupata hata tone, na nyumba tisa zilikuwa zinangoja zamu zao.

Nikakimbia nyumbani kusema nyani wamevunja jiwe. Wote wakaamini, isipokuwa shangazi Tatu aliyenilea. Alipanda pangoni kujionea, akarudi, akaniita nyuma ya jiko.

"Hivi, tangu lini nyani wa huku wakajitanda kanga?" akauliza, huku ameishika kanga yangu niliyoisahau pangoni.

Nililia, mwanangu. Nilijua nimekwisha.

"Nyamaza," akasema. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ila ukificha, watoto wa jirani watalala na kiu. Twende ukaseme mwenyewe, halafu tutengeneze."

Nikasema mbele ya watu. Walinikaripia, nami nilistahili. Kisha shangazi akasokota kamba ya katani, akaifunga kwenye kipande cha jiwe kilichobaki, nami nikaishikiza kwa udongo wa mfinyanzi. Tukangoja. Tone la kwanza likaifuata kamba, likaingia mtungini, na wanawake wakapiga vigelegele. Kiangazi kile chote kazi yangu ikawa kuitazama kamba na kuibadili kila ilipooza, na huko ndiko nilikojifunza kukaa.

Leo tunakinga maji ya bomba uani, lakini sijaacha kumshukuru shangazi. Angeweza kunianika mbele ya kijiji na asingelaumiwa. Yeye alinikanya faraghani, akanishika mkono, tukaenda wote.

Basi nisikilize, mwanangu. Kilichowekwa kwa subira usikiharakishe kwa nguvu. Ukikosea, sema mapema, kosa lingali linatengenezeka, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Na akikosea mwenzio, mrekebishe bila kumvunja.

Mungu akujalie mtu wa kukukaripia kwa upendo, na akupe moyo wa kumsikia.