Malkia wa Mvua na Taa za Marehemu

Nilipokutana na Bi Poda kwa mara ya kwanza, macho yangu yalikwenda kwenye mkono wake wa kushoto kabla hayajafika usoni. Nyuma ya kiganja kulikuwa na mabaka ya hudhurungi, kijivu, waridi na samawati. Nilidhani ni ugonjwa wa ngozi, nikasita kumpa mkono. Akaliona hilo, akacheka.

"Usiogope, mwanangu, haiambukizi. Hapa ndipo ninapochanganyia."

Wapambaji wengine huchanganya rangi kwenye kisahani. Yeye aliamini kwamba kisahani hakina joto la mtu, kwa hiyo rangi ikiwa juu yake hukudanganya.

Nilikuwa nimeajiriwa kuandika hadithi za kitabu cha watoto, na kila hadithi ilikuwa na picha yake: jitu lenye pua ya jiwe, binti aliyegeuzwa njiwa, mchawi mwenye ndevu za mizizi. Wote hao waliumbwa na Bi Poda kwa brashi, gundi na wigi, na mumewe akawapiga picha. Tangu ujana wao walifanya kazi pamoja katika chumba kilekile juu ya duka la vioo. Mume alikuwa amepiga picha za vitambulisho na za harusi maisha yake yote, na hiki ndicho kingekuwa kitabu chake cha kwanza. Ilibaki picha moja tu, ya Malkia wa Mvua. Asubuhi moja akaanguka bafuni, akafariki kabla ya kufikishwa hospitali.

Sikumwona Bi Poda akilia. Baada ya mazishi alirudi studio, akaosha brashi zote, hata zilizokuwa safi, akazipanga juu ya taulo, kisha akazikusanya na kuziosha tena.

Studio ilichukuliwa na mdogo wake marehemu. Sote tulimwita Shemeji, kwa kumfuata Bi Poda. Alikuwa mtu mwema asiyejua kutulia, na katika kutaka kumliwaza mjane wa kaka yake alipaka kuta rangi, akabadilisha mapazia, akang'oa taa kuukuu za marehemu na kufunga mpya, nyeupe, zisizotoa joto. Zile za zamani alimpa mnunuzi wa vyuma chakavu.

"Ulikuwa unatoka humu umelowa jasho chapachapa, shemeji," alimwambia. "Sasa utafanya kazi kama bosi wa benki."

"Bosi wa benki hanuki gundi," Bi Poda akajibu. "Lakini ahsante, shemeji yangu. Umejitahidi."

Siku ya Malkia wa Mvua, aliyeketi kitini alikuwa msichana tuliyemwita Twiga kwa sababu ya shingo yake. Bi Poda alimshughulikia asubuhi nzima. Alimbandika manyoya madogo ya kijivu kwenye nyusi, moja baada ya jingine, akampaka uso rangi ya wingu, akamdondoshea gliserini mashavuni ili matone ya mvua yasikauke. Nilimtazama Twiga nikasahau kabisa kwamba muda mfupi uliopita alikuwa akitafuna biskuti na kulalamika kuhusu viatu.

Shemeji akapiga picha. Tukasogea kwenye kompyuta.

Aliyetutazama kutoka mle ndani alikuwa maiti. Ngozi ilikuwa ya samawati, midomo ya zambarau, macho yamezama.

"Mama yangu! Ndiye mimi huyo?" Twiga akaropoka. "Basi nifunikeni shuka kabisa!"

Kisha akakumbuka tuko na nani, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Ni kamera," Shemeji alisema haraka. "Nimekosea mahali, nitairekebisha." Akaanza kubonyeza. Uso ulipopata uhai, gauni na manyoya vikageuka njano kama vilivyomwagikiwa mafuta.

"Acha, shemeji," Bi Poda alisema. "Kamera haina kosa. Nimempaka kwa taa za kaka yako."

Taa zile zilikuwa na mwanga wa njano. Marehemu aliupenda, na hakukubali kamwe kuuondoa kwa kompyuta. Basi mkewe akajifunza kutia samawati kidogo katika kila uso, ili njano ya taa ikiila, ibaki ngozi ya mtu. Miaka ikapita, mkono ukazoea, ukawa unafanya hivyo bila kuagizwa.

Kesho yake alikuja mwanamke mwenye kampuni ya vitabu. Aliitazama picha mpya, akazitazama zile za marehemu.

"Pole sana, dada yangu," alisema kwa upole. "Huyu siwezi kumweka na wale. Hata mtoto atajua. Nitarudi Ijumaa. Kama bado hafanani nao, nitawapa wengine kazi wapige upya."

"Hii moja?"

"Zote, dada. Kitabu lazima kiwe na sura moja."

Shemeji alikimbilia kwa yule mnunuzi wa vyuma chakavu. Taa zilikuwa zimeshapondwa. Aliporudi aliketi kwenye ngazi, kichwa mikononi.

"Nimemuua kaka yangu mara ya pili."

"Kaka yako hakuwa balbu," Bi Poda alimwambia. "Inuka, unaziba njia."

Kisha yeye mwenyewe akarudi kazini. Alijaribu kumpaka Twiga bila samawati, na kila mara brashi ilikwenda kwenye samawati. Alifuta, akaanza upya, akafuta tena, hadi ngozi ya msichana wa watu ikawa nyekundu. Mwishowe alizitandaza picha za mumewe sakafuni, akapiga magoti.

"Angalia," aliniambia. "Mwanga wote unatoka kushoto. Mimi nilikuwa nasimama kulia na brashi zangu. Hakutaka taa iniunguze."

 Halafu akainuka, akachanganya njano na rangi ya chungwa.

"Leo sipaki Malkia," alisema. "Napaka taa."

Akaupaka mwanga wa njano kwenye shavu la kushoto la Twiga, bega la kushoto, ncha za manyoya na mikunjo ya gauni, kila mahali ambapo taa ya mumewe ingegusa. Upande wa kulia aliuacha kivulini. Alipofika shingoni machozi yakamtoka, yakiangukia gauni la malkia. Twiga hakujitikisa.

"Bi Poda," alinong'ona, "kama ulikuwa na mvua yote hiyo, gliserini ya nini?"

Akacheka huku akilia, na hakuiweka brashi chini.

Picha mpya aliyoipiga Shemeji imechapishwa kwenye karatasi. Iko mezani katikati ya zile za marehemu, na mimi naiona kama ndugu yao. Ila macho yangu hayaamui kitu hapa. Leo ni Ijumaa. Shemeji anapangusa meza ambayo ameshaipangusa. Bi Poda amesimama dirishani, anatazama barabara. Gari limesimama mbele ya duka la vioo, mlango wa chini umefunguliwa, na sasa tunasikia viatu vya yule mwenye kampuni ya vitabu vikipanda ngazi.