Mama Breki na Wakimbiaji Wasiotaka Kwenda Polepole

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, jua halijachomoza, na mama mtunza uwanja ameshapuliza filimbi mara nne.

"Wewe wa fulana nyekundu! Simama! Hivi nasema na wewe au nasema na goli?"

Mwanamume wa fulana nyekundu anasimama, mikono kiunoni, anahema. Mama huyo anavuka uwanja kwa hatua za mtu aliyechoka kubishana. Anamwekea vidole viwili shingoni, chini ya taya, na kuitazama saa yake. Sekunde kumi zinapita.

"Ishirini na saba. Zidisha mara sita, mia moja sitini na mbili. Mwisho wako nilikuambia ngapi?"

"Mia moja arobaini, Kocha."

"Sasa hayo ya juu amekuruhusu nani?"

Wenzake wanaangua kicheko. Kocha hacheki.

Ana miaka 53, na kwa miaka 19 amekuwa mtunzaji wa uwanja huu. Hufyeka nyasi, huchora njia za wakimbiaji kwa chokaa, hufungua lango na kulifunga. Kabla zamu yake haijaanza saa mbili, huwafundisha mbio ndefu watu wazima 23: makarani, walimu, mafundi, na mama mmoja wa duka la dawa. Kazi hii ya pili, anasema, inamwachia nauli na sabuni tu.

Wanafunzi wake wamempachika jina la Mama Breki. Halipendi, ila anakiri limemkaa.

"Ninachofundisha hata mtoto wa chekechea anakielewa," anasema huku akikung'uta chokaa viganjani. "Siku nne kati ya tano, kimbia moyo ukiwa umetulia, uweze kusema sentensi nzima bila kukatika. Siku moja ndiyo uutume kazi. Basi! Mwaka wa tisa huu nasema hayo hayo. Wananiitikia 'sawa Kocha', nikigeuka tu, wameshachomoka kama wamefukuzwa na nyuki."

Hasira zake zina historia. Alipokuwa na miaka 24, alikuwa miongoni mwa wasichana hodari zaidi wa mbio ndefu wilayani kwao. Kocha wake wa wakati huo alikuwa na neno moja tu: ongeza. Akaongeza. Alikimbia kila siku mpaka atapike.

Wiki tatu kabla ya mashindano ya kuchagua timu, miguu ikawa mizito kama zege, na usingizi ukampotea. Shangazi yake, muuguzi, akamshika kifundo cha mkono asubuhi kabla hajatoka kitandani. Mapigo 76 kwa dakika. Miezi mitatu nyuma yalikuwa 50.

"Shangazi akaniambia, 'Mwanangu, huu moyo haujalala. Pumzika.' Mimi nikamcheka. Nikaona uuguzi na mbio wapi na wapi."

Siku ya mashindano aliishia kilomita ya kumi na mbili. Alirudishwa na gari la wagonjwa, amekaa mbele na dereva kama abiria, kwa kuwa hakuwa na jeraha la kumlaza. Hakushindana tena.

Ndiyo maana kila mwanachama wake ana daftari. Asubuhi, kabla ya kuinuka kitandani, ahesabu mapigo dakika nzima aandike. Akimaliza kukimbia, ahesabu tena aandike.

Na ndiyo maana hadi leo akimtaja fundi umeme mmoja, sauti inampanda.

Fundi huyo, mwenye miaka 41, alijiunga mwaka jana akiwa na hamu ya kukimbia kilomita 42. Kocha alimwekea mwisho wa mapigo 138, yaani 23 kwa sekunde kumi. Mzunguko wake wa kwanza kwa mwendo huo ulimchukua dakika tatu na sekunde 20. Watoto wa shule waliokuwa wakipita walimpita kwa miguu, mabegi mgongoni.

"Niliona aibu," anakumbuka fundi. "Mmoja akaniuliza, 'Shikamoo, unaumwa?' Nikasema hapana, huu si mchezo wangu."

Kuanzia hapo, siku zisizo za uwanjani, akawa anakwenda kukimbia peke yake barabarani, kwa kasi aitakayo. Daftari likaendelea kujazwa vizuri. Mno.

"Mia thelathini na mbili. Mia thelathini na mbili. Mia thelathini na mbili!" Kocha anahesabu kwa kidole hewani. "Wiki sita, mvua, jua, mlima, tambarare, mia thelathini na mbili. Na asubuhi hamsini na nne kila siku. Nikamwambia, Fundi, hata mgomba mapigo yake yangebadilika kidogo. Akaniapia!"

Asubuhi moja fundi alifika uwanjani macho mekundu. Kocha alimwomba daftari. 54. Alimtazama, akataka kumshika shingoni, lakini fundi akarudi nyuma akicheka na kusema yuko fiti, akaingia njiani. Mzunguko wa tano akayumba, akapiga magoti, akalala kifudifudi juu ya mstari wa chokaa.

Kocha alipomgusa, ngozi ilikuwa ya moto. Moyo ulikwenda mbio hivi kwamba hesabu ilimpotea mara mbili. Yeye na mwalimu mmoja walimbeba hadi kituo cha afya. Tabibu akasema ni homa ya mapafu, na kwamba mtu wa hali ile kukimbia ni kujitafutia kaburi.

Mkewe fundi, mpishi wa shule, alifika na aproni yake kifuani. Kocha akamuuliza kama asubuhi ile mumewe alihesabu mapigo.

"Kuhesabu?" mke akashangaa. "Dada, huyu huyaandika jioni. Ya wiki nzima ijayo, kwa mpigo mmoja, huku anakula."

Kocha anasema alitoka nje akakaa kwenye ngazi za kituo, akalia kwa hasira. "Siku ile nilitaka kuacha. Nikajisemea, nyasi hazibishani nami, nibaki na nyasi zangu."

Hakuacha. Baada ya wiki tano tabibu alimruhusu fundi kurudi, na fundi alirudi na mkewe. Daftari lilikuwa mkononi mwa mke.

"Sasa nahesabu mimi," mke akatangaza mbele ya kundi zima. "Akiwa bado amelala. Yakizidi sitini, viatu navificha."

Miezi saba imepita. Kwa mapigo yale yale 138, mzunguko sasa unamchukua fundi dakika mbili na sekunde 40. Anapoulizwa kama sasa ameamini, anajikuna kichwa. "Naamini. Ila jamani, polepole inachosha! Mtu unakimbia mpaka unaanza kuwaza kodi ya nyumba."

Kocha anainua macho juu. "Umemsikia? Huyo ndiye aliyebadilika."

Mwakani Kocha anataka kukimbia kilomita 42 yeye mwenyewe, kwa mara ya kwanza maishani, kwa mapigo yasiyozidi 130 hadi nusu ya njia. Kwenye milima atatembea, na hajali atakayemcheka. Kundi lote litakuwa nyuma yake, na sharti ameshalitoa: atakayempita kabla ya kilomita ya kumi, afute jina lake mwenyewe kwenye orodha.

Je, watalitii?

Anasonya, anaokota ndoo yake ya chokaa.

"Nawajua hawa. Kilomita ya kwanza tu nitakuwa nimebaki bila kundi."