Makala Isiyo na Sahihi

Wewe ungekubali mwanafunzi akuvunjie kitabu kilichokupa jina? Profesa wa siasa za mwanzo za Marekani, pale Filadelfia, hunawa mikono kabla ya kugusa gazeti la kale, na penseli huichonga kwa kisu kidogo, taratibu. Jioni moja Keturah, ambaye shahada yake i mikononi mwa profesa huyo, alimwonyesha kwamba makala isiyo na sahihi, nguzo ya kitabu cha profesa, haikuandikwa na seneta ambaye kitabu kilimtaja. Seneta alikuwa baharini wiki makala hiyo ilipoandikwa.

“Unanizika mzima, binti?”

“Jembe ulinipa wewe, Profesa.”

Hakucheka. Asubuhi yake Keturah alimkuta mbele ya darasa, kisu mkononi, akikata sura ya makala ile kutoka kitabuni mwake, taratibu.

“Njoo uwafundishe,” alisema, akaenda kukaa nyuma.